Kuuma na Kupuliza: Kiingereza cha Kulainisha na Sisi Tunaokitafsiri



Bila shaka wengi wenu mmewahi kuletewa lile jedwali la kuchekesha lililoanza kuzunguka kwa barua pepe miaka ya 2000, lenye safu tatu: anachosema Mwingereza, anachokusudia, na anachoelewa mgeni. Akisema "I hear what you say", basi hakubaliani nawe na hataki uendelee. Mgeni anatoka pale akidhani amekubaliwa. Akisema "very interesting", basi ameona ni upuuzi mtupu. Na kadhalika. Kila baada ya miaka miwili mitatu jedwali hilo linarudi, limebadilishwa rangi tu, watu wanacheka upya na kulisambaza upya. Hata mimi limenichekesha. Lakini leo nataka kulisema, kwa sababu naona limewapoteza hata wasomi wetu, na limewapoteza mahali ambapo kupotea kuna gharama.

Kosa la jedwali lile ni kukifanya Kiingereza kiwe kama kufuli na orodha iwe ufunguo. Maneno fulani, maana fulani ya chini kwa chini, kariri halafu umemaliza. Haliko hivyo jamani. Huku kwetu, kilomita 50 hivi kusini-magharibi ya katikati ya Sydney, "not bad" ni sifa kubwa sana ikitoka kinywani mwa fundi mzee anayeutazama ukuta ulioujenga. Ni jibu tupu la salamu asubuhi kwenye kituo cha treni. Na ni masikitiko ikitoka kwa mwalimu anayerudisha insha. Neno ni lile lile. Kilichobadilika ni nani anasema, kwa nani, na baada ya hapo kinafuata nini. Jedwali halina safu ya "kinafuata nini", na hiyo ndiyo safu niliyoitafuta siku zote.

Chukueni mifano ya kazini. Msimamizi wa ghala anamwambia kijana aliyefika juzi, "You might want to move those boxes." Tafsiri neno kwa neno: huenda ukataka kuyasogeza yale masanduku. Mtu wa Kigoma au wa Uvira akisikia hivyo atajiuliza kwa moyo safi: je, nataka? Aa, sitaki. Anaendelea na alichokuwa akifanya. Kumbe ameamrishwa, tena ameamrishwa sasa hivi. Vivyo hivyo "if you get a chance" haikuachii nafasi ya kukosa nafasi, na "I'm not sure that's the best way to do it" maana yake ni acha mara moja. "We'll see how we go", ambayo Waaustralia wanaipenda mno, si ahadi hata chembe, ingawa inasemwa kwa uso wa ahadi. Halafu kuna "yeah, nah", ambayo imewasumbua wengi: anaanza na ndiyo, anamaliza na siyo. Ndiyo ile ya mwanzo ni ya kukuonyesha kwamba amekusikia. Jibu liko mwishoni. Kijana anayeshika neno la kwanza anaondoka na jibu lililo kinyume.

Wataalamu wa isimu wana jina la maneno haya. George Lakoff alipoandika juu yake mwaka 1972 aliyaita "hedges", yaani ua wa miti uliozunguka nyumba au shamba. Yeye hasa alivutiwa na mantiki: maneno yanayozidisha au kupunguza ukungu, kama mtu anaposema kuku ni ndege "kwa namna fulani". Baadaye wengine wakalipanua jina hilo mpaka likaingiza adabu, hofu na ujanja wa kila aina. Kiswahili hakina istilahi iliyokubalika. Nimeona watu wakisema "vilainishi", lakini kwangu kilainishi ni mafuta ya mashine. Mimi nitayaita maneno ya kupuliza, kwa sababu wazee wetu walikwisha kuliona jambo hili bila kusubiri chuo kikuu. Panya, wanasema, akikutafuna kisigino usiku huuma na kupuliza. Anauma kidogo, anapuliza, anauma tena, nawe umelala fofofo. Asubuhi ndipo unapoona damu.

Tazameni vizuri picha ile. Panya hapulizi kwa kukuonea huruma. Anapuliza ili usiamke ukamshika. Hapo ndipo swali langu lilipo, na ndilo ningependa tulitumie badala ya jedwali: anayepuliza, anampulizia nani? Yule anayeumwa, asiumie? Au nafsi yake mwenyewe, asishikwe? Kiingereza kinatumia maneno yale yale kwa kazi zote mbili, na ndiyo maana orodha haiwezi kukusaidia.

Mtu aliyeandika vizuri kuliko wote juu ya upande mmoja wa swali hili anatokana na nchi hii hii tunayoishi. Anna Wierzbicka ni Mpoland aliyehamia Australia miaka ya 1970 akafundisha Chuo Kikuu cha Taifa kule Canberra. Kitabu chake cha mwaka 2006, English: Meaning and Culture, kinachambua "I think", "I suppose", "probably", "fair", "reasonable" na jamaa zake. Hoja yake ni kwamba huu si utu wa binadamu wote, ni mila ya watu fulani yenye historia yake, na mizizi anaitafuta mpaka kwa John Locke na wasiwasi wake juu ya kiasi gani binadamu anaweza kujua kwa hakika. Msemaji wa Kiingereza anafundishwa kutenganisha anachojua na anachodhani, na kutomlazimisha mwenzake. Ni kitabu cha mgeni aliyekaa ugenini akasikiliza, kwa hiyo ni kitabu cha mwenzetu, na nawasihi mkisome.

Ila kwa usomaji wangu kitabu hicho kinatazama zaidi meza ya watu walio sawa. Wawili wanazungumza, kila mmoja ana uhuru wake, kila mmoja anauheshimu uhuru wa mwenziwe. Sawa. Lakini muulizeni anayesimama chini ya ngazi. Amri iliyovishwa nguo ya ombi inamwondolea bosi mzigo wa kuamrisha na kumwachia mfanyakazi mzigo wa kutii. Ukisogeza masanduku, ulitaka mwenyewe. Usiposogeza, umekaidi. Na mambo yakiharibika, hakuna aliyekuamrisha kitu. Uliambiwa tu kwamba huenda ukataka. Hapo panya amepuliza vizuri sana.

Sasa tusije tukajisifu. Kuna msemo miongoni mwetu huku ng'ambo kwamba Wazungu wanazungukazunguka na sisi tunasema wazi. Mwe! Nani, sisi? Sisi ambao mtu anakuja kukopa, anakaa saa nzima akiulizia hali za watoto, mvua na bei ya sukari, halafu mlangoni akishavaa viatu anasema "nilikuwa nina shida kidogo"? Angalieni hapo: wakati uliopita kwa shida iliyopo, na "kidogo" kwa shida kubwa. Kiingereza gani kitatushinda?

Tofauti si kwamba wao wanalainisha na sisi hatulainishi. Tofauti ni mahali tunapoweka ulaini. Mwingereza anauweka ndani ya sentensi, katika vijineno. Sisi tunauweka katika mtu na mahali. Jambo zito halisemwi na mwenye jambo, anatumwa mshenga. Msiba hautangazwi na kijana, anatafutwa mzee. Mke aliyekasirishwa na jirani hafungui kinywa, anavaa kanga na kupita mlangoni polepole, na kanga inasema yote. Hata neno "ua" kwetu lina habari nyingine: ua unazunguka nyumba, si sentensi, na yale yanayosemwa uani, waziwazi kabisa, hayasemwi barazani. Mwingereza amebeba ua wake mdomoni kwa sababu hana mshenga. Lazima aseme mwenyewe, uso kwa uso, na akishasema lazima kesho afanye kazi na mtu yule yule.

Ndiyo maana tafsiri za moja kwa moja zinakwenda mrama kwa pande zote mbili. Angalia "with all due respect". Sikuhizi nasikia kwenye runinga za nyumbani, "kwa heshima zote mheshimiwa, hilo si kweli." Hicho ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kiswahili chenyewe kina "kwa heshima na taadhima", na baada yake kinafuata kitu gani? Ombi! Kwa heshima na taadhima naomba mnisikilize. Kwa heshima na taadhima namkaribisha mgeni rasmi. Heshima ni heshima kweli. Kwa Kiingereza baada ya heshima linafuata kofi, na mawakili wanasema kwa utani kwamba heshima ikizidi na kofi linazidi: "with respect", halafu "with great respect", halafu "with the greatest respect", na ukifika hapo basi wakili mwenzako amekuita mjinga. Mkalimani akichukua taadhima ya Kiswahili akaiweka hapo, amemfanya anayetukanwa ashukuru.

Hayo ya kazini na mahakamani yana hasara zake, lakini kuna mahali ambapo hasara ni mwili wa mtu. Nina maana hospitali.

Wasemaji wa Kiswahili waliohamia Sydney kwa njia ya ukimbizi wengi wanatoka Kongo ya mashariki na Burundi, wengine baada ya miaka mingi Nyarugusu au Kakuma. Wana haki ya mkalimani hospitalini, na jimbo la New South Wales lina huduma ya wakalimani wa afya. Kuna pia huduma ya simu ya taifa. Kwa hilo Australia inastahili sifa, nchi nyingi hazina. Baraza la kupima wakalimani, NAATI, lilianzishwa mwaka 1977, na kanuni za maadili za chama cha wakalimani, AUSIT, zinasema wazi: usiongeze, usipunguze, usibadilishe. Vizuri.

Sasa daktari bingwa anamtazama mama wa miaka sitini na kumwambia: "We've found something we're a little bit concerned about, so we'd like to get you in fairly soon." Mkalimani mwaminifu, asiyeongeza wala kupunguza, anasema: "Tumeona kitu kinachotupa wasiwasi kidogo, kwa hiyo tungependa uje hivi karibuni." Kila neno liko mahali pake. Msahihishaji wa mtihani atatoa alama zote. Na mama amesikia nini? Amesikia jambo dogo ambalo wenyewe wangependa tu. Wiki ijayo kuna harusi ya mtoto wa dada yake, atakuja baada ya harusi. Hali ya namna hii nimeikuta zaidi ya mara moja katika hospitali za huku, na sizitaji kwa majina kwa sababu si tabia ya hospitali moja, ni tabia ya lugha.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi ndio watu ambao tungepaswa kuelewa upesi kuliko wote. Nani kati yenu hajapigiwa simu ile? Usiku wa manane, ndugu yako yuko upande wa pili, sauti imetulia kupita kiasi. "Habari za huko? Watoto? Kazi? Sawa. Sasa, baba anaumwa kidogo. Jitahidi uje." Kuna mtu aliyewahi kusikia "kidogo" ile akaamini ni kidogo? Unakaa kitandani. Unaamsha mwenzako. Asubuhi unanunua tiketi kwa bei yoyote, kwa sababu unajua kwamba baba amekwisha kufa au yuko njiani, na kwamba aliyepiga simu amechaguliwa na wazee ili akulete nyumbani bila ya kukuangusha barabarani ugenini. Hatukuhitaji jedwali. Tulijuaje? Hatukupima "kidogo". Tulipima "uje". Mtu hafungi safari kutoka Sydney hadi Tabora au Tanga kwa homa.

Basi na kwa daktari ni hivyo hivyo. "A little bit concerned" haina uzito wenyewe. Uzito uko kwenye tarehe. Akisema ana wasiwasi kidogo na kukupa miadi ya mwezi wa tatu, ana wasiwasi kidogo. Akisema ana wasiwasi kidogo na kukupa miadi ya kesho saa mbili asubuhi, baba anaumwa kidogo. Kwa hiyo naona mkalimani anayesema, "Tumeona kitu na hatukukipenda, tunakutaka urudi haraka, usichelewe," hajaongeza kitu. Amehamisha uzito kutoka walipouficha wao hadi tunapousikia sisi. Najua wenzangu katika kazi hii wananipinga, na hoja yao si ya kupuuza: mkalimani si daktari, anaweza kukosea kupima akamtia mgonjwa hofu ya bure. Jibu langu ni kwamba kanuni zinamruhusu kuuliza. Aulize: "Soon" ni wiki hii? Ni mwezi huu? Daktari akitaja siku, ua umeanguka, na mkalimani anatafsiri siku.

Lakini kuna jambo lingine pale chumbani ambalo kanuni hazikuliwaza. Mgonjwa wetu anamtazama mkalimani kama mshenga. Kwa mila yake, mtu aliyeketi katikati ya wawili na kubeba maneno mazito ana wajibu wa kuyachagua, na wa kuchagua saa na mtu wa kumwambia kwanza. Daktari anamtazama mtu yule yule kama bomba la maji. Familia inamkimbilia nje ya mlango: "Mwanangu, tuambie ukweli, wamesema nini hasa?" Yaani wanaamini kwamba ya barazani yamekwisha na sasa ni ya uani. Mkalimani anajibu, "Mama, nimesema yote." Anaonekana mkatili, au mnafiki.

Na mama mwenyewe analainisha pia, tena kwa namna inayomdhuru. Anasema "ndiyo". Ameelewa? Ndiyo. Anakubali upasuaji? Ndiyo. Diana Eades, mtaalamu wa isimu wa Australia, ameandika miaka mingi juu ya wenyeji wa asili wa nchi hii mbele ya polisi na mahakama, jinsi wanavyoitikia "yes" kwa swali lolote la mwenye mamlaka, si kwa sababu wanakubali bali kwa sababu ndiyo namna ya kuonyesha ushirikiano na kumaliza salama. Nikimsoma naona kabisa foleni yetu ya zahanati. "Ndiyo daktari" ya Kiswahili mara nyingi ni ya heshima tu, ni "yeah" ya "yeah, nah" ambayo "nah" yake imebaki tumboni. Kiingereza kinachukua neno hilo na kuliita ridhaa, kinapiga sahihi chini yake.

Nimesema tusijisifu, basi niguse haraka Kiswahili chetu cha ofisini, ambacho kimejifunza kupuliza vibaya. Zamani maji yakikatika tulisema hakuna maji. Sasa "kuna changamoto ya maji". Malalamiko yako "yanafanyiwa kazi". Barabara iko "kwenye mchakato". Mtu amefukuzwa, ati "amestaafishwa kwa manufaa ya umma". Na sarufi yenyewe inashirikiana na wahalifu, maana tuna kiambishi cha "-ik-", baraka kwa kila mtoto aliyeshika kikombe: kikombe kimevunjika! Nani kakivunja? Kimevunjika. Fedha zimepotea, faili halionekani, makosa yamefanyika. Hakuna mtendaji. Huyo si mshenga, ni panya.

Na hapo tumefika kwenye upulizaji mkubwa kuliko wote, wa serikali kwa watu iliowaumiza. Huku Campbelltown huwezi kulikwepa. Mji huu ulipewa jina mwaka 1820 na Gavana Lachlan Macquarie kwa ukoo wa mkewe, Elizabeth Campbell. Miaka minne kabla ya hapo, Aprili 1816, askari waliotumwa na gavana huyo huyo waliwaua wenyeji wa asili wasiopungua 14, wanawake na watoto wakiwamo, karibu na Appin, kusini ya hapa. Baadaye katika karne ile, hasa Queensland, neno la ripoti kwa mauaji kama hayo likawa "disperse", kutawanya. Watu walitawanywa, imeandikwa. Utadhani ni kuku.

Ripoti ya mwaka 1997 juu ya watoto wa wenyeji walionyang'anywa wazazi wao ilipoitaka serikali iombe radhi, Waziri Mkuu John Howard alikataa neno "sorry". Agosti 1999 bunge lilipitisha hoja yake ya kuonyesha "deep and sincere regret". Nchi nzima ikabishana kwa miaka zaidi ya minane juu ya neno moja, mpaka Kevin Rudd alipolisema bungeni tarehe 13 Februari 2008, na watu wazima wakalia mbele ya televisheni. Kwa masikio ya Kiswahili ubishi ule una ajabu yake, kwa sababu "sorry" ni maneno yetu mawili yaliyofungwa pamoja. Kuna "pole", ambayo namwambia aliyejikwaa mtaani bila mimi kumsukuma. Na kuna "samahani" au "nisamehe", ambayo anaisema aliyesukuma. Howard aliogopa "sorry" isije ikasikika kama samahani. Waliodai waliitaka kwa sababu ina samahani ndani yake. Mswahili angeuliza swali moja tu: bwana mkubwa, unatupa pole au unaomba msamaha?

Swali hilo hilo liliulizwa, ingawa si kwa maneno hayo, na wazee wa Mau Mau. Mwezi Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alilitangazia bunge la London kwamba serikali yake inatambua kuwa Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, na kwamba "sincerely regrets" kuwa mambo hayo yalitokea. Walalamikaji 5,228 walilipwa. Pamoja na gharama za kesi jumla ilikuwa paundi milioni 19.9. Katika hotuba ile ile akasema serikali bado inakana kwamba kisheria inawajibika kwa vitendo vya utawala wa koloni. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles akiwa Nairobi alizungumzia huzuni na "deepest regret", akasema hakuna udhuru kwa vitendo vile. Vitendo vilitendwa. Na nani? Sarufi ya Kiingereza nayo ina vikombe vyake vinavyovunjika.

Mtafsiri wa Kiswahili afanye nini na "regret"? Akiandika "inajuta", amezidisha, maana majuto yana mkosaji ndani yake. Hujutii alichofanya jirani. Akiandika "imeomba radhi", amewapa Waingereza sifa ambayo wao wenyewe, pamoja na mawakili wao, walikuwa waangalifu kuikataa. Kilichobaki ni "inasikitika", na ndicho ninachokitetea, ingawa kinasikika kikavu na mhariri atataka kukipamba. Kiachwe kikavu. Msomaji wa Nyeri ana haki ya kusikia kwamba aliletewa pole.

Siku moja tu baada ya hotuba ya Nairobi, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa Songea, mbele ya wajukuu wa waliouawa katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Chifu Songea Mbano akiwa mmoja wao. Alisema angependa kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao pale. Kuna "angependa" hapo, neno la kupuliza kama mengine yote, lakini halikukimeza kitu: kitenzi ni kuomba msamaha, na mtendaji ana jina, Wajerumani. Mtaniambia kwamba Uingereza ililipa bila kuomba msamaha na Mjerumani aliomba msamaha bila kulipa, na ni kweli, hayo ni madai mengine na wenye madai hawajanyamaza. Mimi hapa nazungumzia sentensi tu. Kama kuna kati yenu waliokuwa Nairobi au Songea wiki ile, au wenye jamaa waliokuwepo, naomba mniandikie: wakalimani walitumia neno gani, na wazee walipolisikia waliitikia nini?

Wasalaam.